Namna ya kuiunga nchi kwa kura: maelezo ya prezida wa biro

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayesimamia chumba cha kupigia kura huitwa prezida wa biro. Kwa hiyo hata mimi nimewahi kuwa prezida, mara tatu: kwenye kura ya maoni ya Desemba 2005, kisha kwenye duru mbili za uchaguzi wa 2006. Jamhuri yangu ilikuwa darasa moja la shule ya msingi huko Walungu, lenye madirisha yasiyo na vioo na wapiga kura mia tano na kitu. Watoto wangu walinitania kwa cheo hicho mpaka wakachoka wenyewe.

Siku hizi napigiwa simu na vijana wanaotaka kujua nchi iliyokatika vipande inaungwaje kwa kura bila kumwaga damu. Wengine wanaitazama Libya, ambako kura iliyopangwa kupigwa tarehe 24 Desemba 2021 haikupigwa. Kurudia yaleyale kwa simu kunamaliza salio, basi nayaandika hapa kama nilivyoyaona Kongo, nikiongeza machache ya nchi nyingine zilizopita njia hiyo.

Kwanza bunduki, sanduku baadaye

Chukua ramani ya nchi yako, kisha kwa kila kipande uliza: askari wa hapa analipwa na nani? Anampenda nani si hoja, mapenzi hubadilika. Mshahara ndio unaoonyesha mpaka halisi umepita wapi.

Sisi mpaka wetu ulichorwa kuanzia Agosti 1998. Kinshasa ilikuwa na serikali yake. Goma walikuwa waasi wa RCD wakisaidiwa na Rwanda, nasi Bukavu tukawa chini yao. Gbadolite alikuwa Jean-Pierre Bemba na waasi wake wa MLC, akisaidiwa na Uganda. Katikati ya hao walijaa Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, wa kila namna. Kaka yangu alikuwa Kinshasa, na kwa miaka mitano tuliwasiliana kwa barua zilizopitia Nairobi mikononi mwa wafanyabiashara. Nilimzika mama bila yeye.

Makubaliano yalitiwa saini Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, na kufikia Juni 30 ya mwaka uliofuata tulikuwa na serikali ya mpito yenye rais mmoja na makamu wanne. Iliitwa "1+4". Watu wa mjini walipiga hesabu yao: moja kujumlisha nne ni sifuri. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ile sifuri ndiyo iliyomwezesha kaka yangu kurudi nyumbani.

Lakini jeshi lilibaki vipande. Juni 2004, karibu mwaka mzima baada ya serikali kuwa moja, askari waliokataa kuunganishwa waliuteka mji wetu kwa siku kadhaa. Tulijifungia ndani, tukala unga mkavu. Nikiambiwa kwamba "pande zote zimekubali uchaguzi" nakumbuka unga ule.

Fanya hivi. Hesabu askari mmoja mmoja, kwa uso na kidole, na mshahara umfikie mwenyewe mkononi bila kupitia kwa kamanda. Mwaka 2005, Waafrika Kusini walipotusaidia kuhesabu, majeshi yaliyodai kuwa na watu zaidi ya 300,000 yalikutwa hayafiki nusu ya hapo. Hao wengine walikuwa majina tu, na posho ya jina huliwa na mkubwa. Kamanda anayekula mishahara ya askari hewa hana haraka ya kuunganishwa na mtu. Halafu usisahau familia. Askari wetu walipelekwa kambi za kuchanganya majeshi, kama Luberizi kule kwenye tambarare ya Ruzizi, na wake zao wakawafuata na sufuria na watoto mgongoni, hakuna aliyekuwa amewapangia pa kulala. Mwanamke anayelala nje ya kambi na mtoto anayeharisha atamwambia mumewe turudi msituni, na mume atarudi.

Ukitaka mfano wa kumwekea mwanasiasa mezani, mpe nchi mbili zilizotawaliwa na Mreno. Angola walipiga kura tarehe 29 na 30 Septemba 1992 huku majeshi mawili bado yapo na silaha zao. Rais Dos Santos akapata asilimia 49.57, Savimbi mkuu wa waasi 40.07, na kabla duru ya pili haijapangwa vita vikarudi, vikaendelea mpaka 2002. Msumbiji nao walitakiwa kupiga kura mwaka 1993. Uchaguzi ukasogezwa mwaka mzima, hadi Oktoba 1994, ili askari wapokonywe silaha na kurudishwa makwao kwanza. Waliokuwa waasi, Renamo, wakashindwa, wakaingia bungeni. Atakayekuambia kuchelewa ni aibu, muulize angependa aibu ya nani kati ya hao wawili.

Chagua mapema msimamizi ana mamlaka kiasi gani

Neno "kusimamiwa" huwapendeza watu wa mikutano kwa kuwa kila mmoja analielewa atakavyo. Namibia mwaka 1989 utawala wa Afrika Kusini uliendesha uchaguzi, lakini kila hatua ilibidi mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Martti Ahtisaari, aridhike nayo. Kambodia mwaka 1993 Umoja wa Mataifa uliuendesha uchaguzi wenyewe. Kwetu kulikuwa na tume yetu ya uchaguzi, CEI, chini ya padri Apollinaire Malu Malu, na viti vyake viligawiwa kwa wale wale waliotia saini Pretoria. MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa kwetu, ilibeba mizigo na kulinda, mabalozi wakakaa kwenye kamati yao ya kusindikiza mpito, wakibana pale palipohitaji kubanwa. Ulaya ikaleta kikosi cha muda, sehemu Kinshasa na sehemu ikingoja Gabon.

Mimi napenda mtindo wetu, pamoja na kasoro zake. Ukiondoka mgeni, ujuzi unabaki kwa walimu kama mimi. Ila gharama ni kubwa, uchaguzi wetu ulikula zaidi ya dola milioni 400, nyingi zikiwa za wafadhili. Kabla hujatia saini chochote, jua uchaguzi wa pili utalipiwa na nani, maana wa kwanza siku zote hupata wachangiaji.

Kuandikisha watu ndiko kuiunga nchi kwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wapangaji wengi hapa hupita mbio.

Sensa yetu ya mwisho ilikuwa ya 1984. Mwaka 2005 hakuna aliyejua Kongo ina watu wangapi, wala kitambulisho cha taifa hakikuwepo. Tulianza sifuri. Mashine zilikuwa ndani ya sanduku moja: kompyuta, kamera, kisoma alama za vidole, printa, na jenereta pembeni. Wenyewe tuliliita kiti, kutokana na neno la Kifaransa "kit", si kiti cha kukalia. Hazikutosha nchi nzima kwa wakati mmoja, hivyo zilianza Kinshasa mwezi Juni, zikahamishwa mkoa hadi mkoa. Penye barabara zilikwenda kwa gari. Pasipo na barabara zilikwenda vichwani mwa watu. Mwisho wa kazi walikuwa wameandikishwa watu zaidi ya milioni 25.

Swali la kwanza kwenye foleni yako litakuwa umri. Usitegemee cheti cha kuzaliwa, nyumba zimechomwa. Tengeneza kalenda ya matukio ya mahali hapo, na itengenezwe na wazee wa hapo hapo. Yangu ilikuwa na uhuru wa 1960, vita vya Schramme vya 1967 ambapo mamluki waliishika Bukavu, na kuingia kwa wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Hilo la mwisho ndilo lililonisaidia zaidi. Kijana akija akisema ana miaka 18, nilimuuliza: "Wakimbizi walipoingia, ulikuwa umeanza shule? Mwalimu wako aliitwa nani?" Aliyekuwa na miaka saba wakati huo anakumbuka, maana shule zilijaa wakimbizi na masomo yakasimama. Asiyekumbuka hutazama paa. Sidai kwamba sikukosea, najua vijana wawili au watatu walionipita, mmoja ni mtoto wa shangazi yangu.

Swali la pili ni zito zaidi: wewe ni wa wapi? Nchi ikigawanyika, kila upande una watu ambao upande mwingine unasema si raia. Kwetu walikuwa wanaosema Kinyarwanda, na vita viwili vilipiganwa huku jambo hilo likitajwa. Bunge la mpito lilipitisha sheria ya uraia Novemba 2004, likisema raia kwa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Sheria hiyo haikupendwa na wote, lakini nilipoketi nyuma ya meza yangu nilikuwa na karatasi ya kuonyesha. Siku moja mzee mmoja alimnyooshea kidole jirani yake akasema, "Mwalimu, huyu hana haki." Nikamsomea kifungu. Akanuna, akakaa. Bila kifungu ningesema nini? Usimwache mwalimu wa kijiji aamue nani ni raia. Amua wewe, bungeni, miezi kumi kabla, na umtumie karatasi.

Asiye na hati yoyote alithibitishwa na majirani waliokwisha kujiandikisha. Askari na polisi hawakuandikishwa kupiga kura, na Wakongo wa ng'ambo hawakupiga pia. La askari naliunga mkono. La ng'ambo liliacha uchungu mwingi, sijui kama uliwahi kuisha.

Sasa jambo ambalo hakuna semina iliyonifundisha. Watu hawakupanga foleni kwa ajili ya uchaguzi. Walipanga foleni kwa ajili ya kadi. Kuna koko mmoja, yaani bibi kizee, alishuka mlimani na mjukuu wake, akapigwa picha, kadi ikatoka printani ikiwa bado na joto. Akaishika kwa mikono miwili. Akamuuliza mjukuu kwa Kishi, lugha ya huko, nami nikaelewa: hii inajulikana mpaka Kinshasa? Kadi ile ilitumika kama kitambulisho kwa miaka. Ulipita nayo vizuizi vya barabarani ambako zamani ulilipa. Kadi moja, yenye bendera moja, inayokubaliwa na askari wa kila upande: nchi iliungwa hapo kabla ya kura yoyote kupigwa. Ukiwa na fedha za jambo moja tu, zitie kwenye kadi, na uwaamuru makamanda wote kwa maandishi kwamba mwenye kadi anapita bure.

Kura ndogo kabla ya kura kubwa

Tarehe 18 na 19 Desemba 2005 tulipiga kura ya katiba. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya asilimia 84. Wengi hawakuwa wameisoma, tusidanganyane. Lakini lilikuwa zoezi: tulijifunza mihuri, wino, foleni, na kwamba wazee wanahitaji kiti. Panga kura ambayo haimng'oi mtu madarakani, uione mitambo inavyokwama kabla ya siku yenyewe.

Siku yenyewe, na usiku wake

Jumapili ya 30 Julai 2006 tulifungua saa kumi na mbili asubuhi. Kinshasa walikuwa bado saa moja nyuma yetu, kwa kuwa nchi yetu ina majira mawili. Liangalie hilo unapopanga saa ya kutangaza chochote redioni, maana upande mmoja utakuwa bado unapiga kura. Redio nayo isiwe ya upande wowote. Sisi tulikuwa na Radio Okapi, iliyosikika mashariki na magharibi kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo.

Karatasi ya rais ilikuwa na wagombea 33 wenye picha. Ile ya wabunge ilikuwa balaa. Wagombea zaidi ya 9,000 waligombea viti 500, na penye wagombea wengi karatasi ilikuwa na kurasa kadhaa, kama gazeti. Wazee walifungua, wakafunga, wakafungua tena. Kama unaandika sheria, weka dhamana ya kugombea iliyo ya maana, au utachapisha magazeti.

Walishe mashahidi wa vyama, hao mnaowaita mawakala huko Tanzania. Vyama huwatuma bila hata pesa ya maandazi. Saa tisa alasiri njaa huwauma, wanaondoka, na kesho chama kinasema kiliibiwa wakati shahidi wake alikuwa nyumbani anakula fufu. Mimi nilipika maharagwe kwa fedha yangu, sufuria moja kwa wote. Wabaki mpaka watie saini.

Tulifunga saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili na nusu giza. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Tulihesabu ya rais, kisha ya wabunge kwa mwanga wa taa ya betri, karatasi zile kubwa zikitanda sakafuni, usiku kucha. Alfajiri, macho yamevimba, nikaitia peve, yaani fomu ya matokeo yenye saini za wote, ndani ya gunia la kura badala ya bahasha ya nje, nikafunga gunia kwa lakiri. Niligundua nikiwa juu ya pikipiki. Gunia lililofungwa kwa lakiri halifunguliwi na prezida peke yake, kwa hiyo nilikaa siku nzima kwenye kituo cha kukusanya matokeo nikisubiri mashahidi waje lifunguliwe mbele yao. Niliona aibu kiasi cha kutokula.

Wakufunzi, fanyeni mazoezi usiku. Mafunzo yetu yalifanyika mchana, kwenye viti, tukiwa tumeshiba. Mfanye prezida ahesabu karatasi mia tano kuanzia saa moja jioni baada ya kusimama kutwa, kwa taa, huku mtoto analia nje, ndipo umwambie afunge bahasha. Na bahasha ziwe za rangi tofauti.

Kilichoniokoa ni nakala. Sheria ilitaka matokeo yabandikwe mlangoni, nami nilikuwa nimebandika. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameyanakili kwenye daftari la hesabu. Kinshasa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwenye vituo vya kukusanyia matokeo, magunia na bahasha vilirundikana chini na baadhi ya karatasi zikaungua. Matokeo ya mlangoni ndiyo dawa. Kama sheria yako haiamuru kubandika, usianze.

Tangazo

Matokeo ya duru ya kwanza yalitangazwa jioni ya 20 Agosti: Joseph Kabila, aliyekuwa rais wa mpito, asilimia 44.81, Bemba 20.03, Antoine Gizenga 13.06. Jioni hiyo hiyo walinzi wa Kabila na wa Bemba wakaanza kupigana katikati ya Kinshasa. Kesho yake nyumba ya Bemba ilishambuliwa huku mabalozi wa ile kamati wakiwa ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Wagombea wawili kila mmoja na jeshi lake dogo, katika mji mmoja! Hilo lilijulikana tangu 2003, na lilipaswa kumalizwa kabla ya karatasi kuchapwa.

Duru ya pili ya 29 Oktoba ilikuwa rahisi kwangu, picha mbili tu. Kabila akapata 58.05, Bemba 41.95. Tazama ramani yake, nawe msomaji wa Kiswahili itakuuma: panaposemwa Kiswahili Kabila, panaposemwa Kilingala Bemba. Kivu alipata zaidi ya asilimia 90, na Equateur mwenzake vivyo hivyo. Kura iliyopigwa ili kuiunga nchi ikauchora mpaka upya kwa penseli. Siku hizo Kinshasa kusema Kiswahili sokoni kulimfanya mtu ageuze shingo. Kaka yangu aliniambia alikuwa ananunua mkate kwa Kifaransa.

Aliyeshindwa atakaa wapi

Mambo yote niliyoandika juu unaweza kuyapata kwenye vitabu vya wataalamu, ukiondoa maharagwe. Hili huwa naliona limeandikwa mstari mmoja.

RCD walishika karibu theluthi ya nchi. Mkubwa wao, Azarias Ruberwa, alikuwa makamu wa rais. Kwenye kura alipata asilimia 1.69, na chama viti 15 kati ya 500. Kutoka theluthi ya nchi hadi viti 15, kwa Jumapili moja. Novemba ya mwaka huo huo bunduki zilikuwa zinalia Sake, karibu na Goma, na waliokuwa wanapigana na jeshi ni askari waliotoka upande huo. Bemba alikubali kushindwa akaingia Seneti, lakini Kinshasa, iliyompigia kura, ikapata gavana wa upande wa Kabila kupitia kura za wajumbe wa mkoa. Machi 2007 walinzi wake na jeshi wakapigana mjini, mamia wakafa, naye Aprili akaenda Ureno.

Msumbiji kulikuwa na mfuko wa fedha wa kuigeuza Renamo kutoka jeshi kuwa chama, na ofisi, na magari. Wapo waliosema ni kuwahonga wauaji. Labda. Mimi nimekula unga mkavu, siwezi kuwa na ukali huo.

Kwa hiyo nikialikwa kwenye kikao cha wapangaji, kabla hatujagusa kalenda, naomba kila upande upewe karatasi moja nyeupe. Juu yake naandika mwenyewe: "Umepata asilimia 2." Kisha nawaomba waandike watakaa wapi Jumatatu, nani atawalinda, askari wao watalipwa na nani, watoto wao watasoma wapi, ni kiti gani ambacho mshindi hawezi kuwanyang'anya. Kila mmoja huwa na hakika kwamba karatasi hiyo ni ya mwenzake. Chumba hunyamaza. Wape mchana mzima, leta chai, na asitoke mtu na karatasi tupu. Zikusanye, zipige chapa, waweke saini kila mmoja kwenye ya mwenzake. Kalenda ya uchaguzi ianzeni kesho yake asubuhi.